Baba anaposhusha Kitonga, simu ya nyumbani isubiri

Katika nyumba nyingi za madereva wa malori, hata watoto ambao hawajawahi kupita barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma wanaijua kwa majina. Baba akiwa Mikumi kuna wanyama. Akiwa Makambako kuna baridi. Akisema anaingia Kitonga, mama hunyamaza kidogo.

Mlima huo upo wilayani Kilolo, Iringa. Barabara inaacha joto la Ruaha Mbuyuni, inapita Mahenge, kisha inapinda na kupinda kuelekea Ilula, upande mmoja jabali na mwingine korongo. Malori mapya yana mfumo wa ziada wa kulishika gari kwenye mteremko. Lakini si kila baba anaendesha jipya. Wapo wanaoendesha dizeli kuukuu iliyobadilishiwa injini zaidi ya mara moja, na tela nyuma.

Kupanda kunachosha gari. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa imepungua kwa takribani asilimia 15. Injini ya zamani isiyo na turbo hukosa pumzi: moshi mweusi, gia ndogo, maji kuchemka. Utingo hutembea nyuma na jiwe au kipande cha gogo, tayari kukiweka kwenye tairi lori likisimama.

Hatari kubwa zaidi ipo kwenye kushuka, dereva anaporudi na shaba ya Zambia au Kongo. Lori la tani 50 likishuka mita 500 kwa kutegemea breki peke yake, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 700 za maji. Joto hilo lote linaingia kwenye ngoma za breki. Ngoma hutanuka, zikakaa mbali na viatu vya breki, na pedali inakwenda chini bila gari kushikwa. Kukanyaga na kuachia mara kwa mara humaliza upepo kwenye mitungi. Na breki za tela zikiwa dhaifu kuliko za kichwa, tela husukuma kutoka nyuma na linaweza kukunja.

Ndiyo maana madereva wakongwe husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Gia hiyo inatakiwa iwekwe kabla ya mteremko kuanza. Gari likishashika kasi, giaboksi ya zamani huweza kukataa gia ndogo, na dereva akajikuta kwenye gia huru, bila injini ya kumzuia. Uamuzi wote huo unafanyika ndani ya sekunde chache, juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza.

Sasa fikiria simu inaita sekunde hizo hizo. Ni ya nyumbani: ada haijalipwa, mtoto ana homa, au mabishano ya jana hayajaisha. Kuweka spika hakusaidii sana, kwa kuwa kinachoondoka usukani si mkono tu, ni akili. Familia inaweza kukubaliana kabla ya safari kwamba baba ndiye atakayepiga, akishaegesha. Jambo la dharura liandikwe kwa ujumbe mfupi ataousoma akisimama.

Usingizi ni suala jingine ambalo nyumba ina nguvu nalo kuliko inavyodhani. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliyekunywa pombe kiasi cha kuvunja sheria katika nchi nyingi, na mwili hulegea zaidi kati ya saa nane usiku na alfajiri. Swali la "utafika lini?" likiulizwa mara tano kwa siku linageuka agizo la kutolala. Akirudi kwa siku mbili, ratiba ya wageni, harusi na mafundi ipunguzwe apate usiku mzima.

Kuna jambo ambalo mke ndiye shahidi wake pekee. Mume anayekoroma kwa nguvu, akakata pumzi kwa sekunde kadhaa kisha akashtuka kwa mkoromo mkubwa, huenda ana tatizo la pumzi kuzibwa usingizini. Huamka amechoka hata kama amelala saa nane, na mchana husinzia bila taarifa. Unene, hasa wa shingo, huongeza uwezekano. Si la kuchekwa mezani: ni la kumweleza daktari, na linatibika. Vivyo hivyo dawa za mafua zinazowekwa kwenye begi lake: baadhi huleta usingizi. Muulize mfamasia kabla hajaondoka nazo.

Wazazi waliomruhusu kijana wao awe utingo wana maswali yao ya kuuliza. Je, huyo anayeingia chini ya tela kukaza breki ana mtu aliyemhakikishia kwamba magurudumu yamezuiwa? Anafungua rejeta ikiwa bado inachemka? Maji yale hurukia usoni na kifuani, na huunguza vibaya. Vumbi la breki nalo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa gari, maana baadhi ya viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto. Kilowekwe maji na kifutwe kwa kitambaa.

Halafu kuna baridi ya Makambako na Mbeya. Jiko la mkaa ndani ya kabini iliyofungwa vioo ni kifo kisicho na harufu. Kaboni monoksidi hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala haamki kuisikia. Kuacha injini ikiunguruma usiku ili kupata joto si salama pia, hasa kwenye lori lenye bomba la moshi lililotoboka. Blanketi zito na soksi za sufi hazigharimu kama safari ya kwenda kuchukua mwili, na nafasi yake kwenye begi ni ndogo: viweke vya watu wawili, kwa kuwa utingo mara nyingi huondoka nyumbani na fulana moja.