Cheti cha Kikundi: Mmoja Akiteleza, Mnaanguka Wote

Vijana, kuna swali ninaloulizwa sana huku mashambani: "Afisa, cheti cha GLOBALG.A.P. kinatusaidia nini kama mishiri ni ileile?" Swali zuri. Mishiri ni ileile, lakini mnunuzi wa Ulaya anataka pia kujua ilipigwa dawa gani na lini.

Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya mizigo ya maharagwe na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, hasa dimethoate. Wasafirishaji wakaanza kuchagua sana mkulima wa kununua kwake, na wadogo wengi wakakosa soko.

Sasa, mwenye nusu ekari hawezi kulipia ukaguzi peke yake. Ndiyo maana kuna njia ya kikundi: cheti kimoja, wanachama wengi, mradi muwe na mfumo wenu wa kusimamia ubora. Na mfumo si faili safi nyumbani kwa katibu. Mkaguzi wenu wa ndani lazima afike kwa kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka, na shamba lake yeye likaguliwe na mwingine. Mkaguzi wa nje akija hatembelei wote, anachukua kipeuo cha pili cha idadi yenu: mkiwa 36, anaona mashamba 6. Akigundua mfumo wenyewe haufanyi kazi, cheti kinachosimamishwa ni cha wote.

Kwa hivyo mpeni mkaguzi wa ndani meno. Aliyepiga dawa isiyoruhusiwa asimamishwe kuuza, hata kama ni mwenyekiti. (Najua, kijijini hiyo ni ngumu, hasa akiwa shemeji yako.)

Daftari la dawa liwe na tarehe, jina la dawa, kipimo, sehemu ya shamba, aliyepiga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Lebo ikisema siku 7 nawe unataka kuvuna siku ya 4, daftari litakuzuia kabla kreti haijapakiwa. Andika siku hiyohiyo. Daftari la msimu mzima lililojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja, wakaguzi wanalijua vizuri sana!

Kitu kingine ambacho wengi hawaandiki ni mishiri inayokataliwa. Hapo ndipo pesa inapotelea, na hapo hamhitaji cheti kuanza. Wekeni ubao kwenye kibanda cha kukusanyia: jina, kilo zilizokataliwa, sababu. Imepinda? Ina kutu? Imekomaa? Baada ya wiki chache mtaona ni sababu gani inayobeba kilo nyingi. Ikiwa ni kukomaa, msikimbilie mbolea, angalieni ratiba ya kuvuna. Rekebisheni hiyo moja, halafu mhesabu kilo tena. Na anayeandika ubaoni awe yuleyule anayeshika mizani.