Kuchagua Pawasaplai ya Kompyuta ya Kujiundia

Mtu anayeunda kompyuta kwa vipuri alivyovikusanya mwenyewe huanza, mara nyingi, na prosesa, kisha kumbukumbu, kisha diski. Mwisho kabisa hukumbuka kile kisanduku kinachogawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, naye hukinunua kwa fedha iliyosalia. Utaratibu huo una kasoro kubwa, kwa kuwa pawasaplai mbovu yaweza kuunguza vifaa vyote vilivyounganishwa nayo.

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni mkondo geu wa volti 230, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Kompyuta huhitaji mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Zamani kazi hiyo ilifanywa na transfoma kubwa, nzito kama tofali. Ndivyo ilivyokuwa katika Altair 8800 ya mwaka 1975. Apple II, iliyotoka mwaka 1977, ilitumia njia nyingine, iliyosanifiwa na Rod Holt. Katika njia hii umeme hunyooshwa kwanza bila kupunguzwa, ukafikia volti zipatazo 325 (msomaji atakumbuka kwamba kilele cha volti 230 ni 230 × 1.41). Kisha transista huukatakata mara makumi ya maelfu kwa sekunde, na vipande hivyo hupitishwa katika transfoma. Kadiri mkondo unavyobadilika upesi, ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo kwa nguvu ile ile. Pawasaplai za kompyuta za leo hufuata njia hiyo.

Sasa tutazame kibandiko kilichogandishwa ubavuni. Wanunuzi wengi husoma wati za jumla tu, na hapo ndipo wanapopotea. Prosesa hutumia volti moja na kitu. Prosesa ya wati 65 kwa volti 1.3 huhitaji ampea 50, mkondo ambao nyaya za kawaida za kompyuta haziwezi kuubeba kutoka mbali. Kwa hiyo volti hupunguzwa kwenye ubao mkuu, kando ya prosesa yenyewe. Umeme huo ukiletwa kwa volti 5, nyaya hubeba ampea 13. Ukiletwa kwa volti 12, hubeba chini ya ampea 6. Kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, faida yake ni dhahiri. Ndiyo sababu, tangu miaka ya Pentium 4, iliyotoka mwaka 2000, mzigo mkubwa umehamia kwenye volti 12.

Tuchukue mfano wa kompyuta yenye prosesa ya wati 65, kadi ya picha ya wati 75, na vifaa vingine vya wati 50. Jumla ni wati 190. Pawasaplai kuukuu ya wati 300 yaonekana kutosha na kuzidi. Lakini kibandiko kikisema kwamba volti 12 ina ampea 10 tu, tunapata wati 120, hali prosesa na kadi peke yake huvuta zaidi ya wati 130 kutoka hapo. Wati zilizobaki ziko kwenye volti 5 na 3.3, ambako hazina kazi. Afadhali ile yenye ampea 20 kwa volti 12, hata kama jumla yake si kubwa zaidi.

Anayenunua iliyotumika aangalie pia swichi ndogo ya nyuma, kama ipo. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wetu, italipuka mara moja. Kisha apime kwa multimita wakati kompyuta inafanya kazi: waya wa njano usomeke kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe na mwanafunzi, kwani kapasita zake zaweza kushika mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kuna jambo moja ambalo pawasaplai nzuri haiwezi kulitibu. Ndani yake kapasita mbili ndogo huunganisha nyaya za umeme na kasha la chuma, ili kuzuia makelele ya redio. Soketi isiyo na waya wa ardhini huliacha kasha likielea kwenye karibu nusu ya volti za nyumba, na anayeligusa huhisi kama anatekenywa. Mwite fundi arekebishe soketi hiyo kabla ya kuchomeka kipuri chochote.