Utundu na Mfadhaiko wa Mtoto Mwenye Usonji

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza kujionesha mapema utotoni, ambayo humfanya mtoto awasiliane, acheze na apokee sauti, mwanga na mguso kwa namna tofauti na wenzake. Daktari Leo Kanner aliieleza kitaalamu nchini Marekani mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Hata hivyo, mtoto ambaye hali yake haijatambuliwa huishia kuitwa mkaidi au aliyedekezwa, na jina hilo humletea fimbo.

Utundu wa kawaida una shabaha. Mtoto anayelilia andazi dukani humtupia mama jicho kuona kama anatazamwa, hunyamaza akilipata, na pengine hujizuia babu anapotokea. Mfadhaiko wa usonji, yaani kuzidiwa na yale yanayopokewa na hisi hadi mtoto ashindwe kujimudu, hauhitaji mtazamaji: mtoto huziba masikio, hujiuma mkono au hujigonga kichwa, na hata akipewa alichokitaka hatulii.

Kwa hiyo mlezi achunguze kilichotangulia. Huko Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, kinaweza kuwa mngurumo wa mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, au ngoma na vinyago vya midimu vijana wanapotoka jandoni, furaha ya kijiji kizima ambayo kwa mtoto huyu ni mateso ya kweli. Kinaweza pia kuwa bakuli la uji lililobadilishwa tu. Tabia ikizuka ghafla kwa mtoto asiyesema, maumivu ya jino au sikio na malaria vitafutwe kwanza, iwe katika zahanati ya jirani au Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, kwa kuwa hana njia nyingine ya kueleza anapoumwa.

Kuhusu fimbo, kanuni za shule nchini Tanzania huruhusu viboko visivyozidi 4 kwa utovu mkubwa wa nidhamu, lakini mtoto aliyezidiwa hajavunja nidhamu yoyote, na maumivu humwongezea mzigo uleule uliomshinda.

Mpaka kati ya utundu na mfadhaiko, hata hivyo, si mstari ulionyooka, maana mtoto mwenye usonji naye hufanya utundu, hudai na hujaribu subira ya wakubwa, na kilio kilichoanza kwa kudai andazi kinaweza kugeuka kuzidiwa kabisa. Mlezi anayeandika kwa wiki kadhaa saa, mahali na lililotangulia kila kilio huona mpangilio ambao jicho la siku moja haliwezi kuuona, na daftari hilo humsaidia sana mganga. Wakati wa mfadhaiko wenyewe mtoto aondolewe kwenye kelele, maneno yapunguzwe, mtu aliyezoeana naye akae karibu bila kumshikashika. Mafunzo ya tabia, hasa kwa picha na maneno machache, yangoje mpaka atulie.