Kutoka Madrasa Hadi Nyumbani: Ni Nani Apunguze Mwendo?

Kila siku baada ya swala ya Alasiri, mitaa ya kisiwa cha Mombasa hujaa watoto. Wavulana wamevaa kanzu na kofia, wasichana wamejitanda mitandio, misahafu imo mikobani, na wadogo wameshikwa mkono na ndugu zao ambao nao bado ni wadogo. Wanakwenda madrasa. Ikikaribia Magharibi watarudi kwa njia ile ile, na huo ndio wakati ambao kila gari, tuktuk na bodaboda mjini ina haraka ya kufika inakokwenda. Jua linazama, taa za barabarani baadhi zinawaka na baadhi haziwaki, na mama aliye jikoni ameutega sikio mlango.

Hivi karibuni tulisimama kando ya barabara moja inayopita mbele ya madrasa, tukatazama jinsi watoto wanavyovuka. Mistari ya kuvukia ilikuwapo zamani. Sasa imefutika, na anayejua ilipokuwa ni mwenyeji wa mtaa tu. Binti wa umri wa kama miaka minane alisimama ukingoni akiwa amemshika mdogo wake. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, kama alivyofundishwa. Lakini matatu iliyokuwa ikipakia abiria ilimziba asione. Alisogea hatua moja ili achungulie, na pikipiki ikapita mbele yake karibu kiasi cha kuupeperusha mtandio wake. Alhamdulillahi, hakuumia. Alirudi nyuma, akangoja, kisha akavuka.

Mama anayeuza viazi karai mahali hapo hakushtuka hata kidogo. “Na huyo amefunzwa,” alituambia. “Wako wasofunzwa.”

Maneno yake ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Katika nyumba zetu na shule zetu, mazungumzo ya usalama barabarani huanza na mtoto na huishia kwa mtoto: atazame pande zote, asikimbie, asicheze njiani. Mafunzo hayo ni mema, wala hatusemi yaachwe. Lakini binti yule alitimiza yote aliyoagizwa. Kilichosalia hakikuwa katika uwezo wake.

Watafiti wa Royal Holloway, kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha London, waliwahi kupima jinsi watoto wa shule za msingi wanavyoona magari yanayowajia. Waligundua kwamba gari likizidi mwendo wa kilomita 32 hivi kwa saa, jicho la mtoto huenda lisitambue kabisa kuwa gari hilo linakaribia. Si ukaidi wala si uzembe; ni umri. Uwezo huo hukua pole pole, kama meno yanavyoota, na hakuna mwalimu wala mzazi awezaye kuuharakisha.

Basi na tutazame upande wa dereva. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Dereva aliye macho, asiye na simu mkononi, huhitaji kama sekunde moja tangu amwone mtoto hadi mguu wake ukanyage breki. Katika sekunde hiyo mwendo wa gari haujapungua hata kidogo. Gari jingine linalokwenda kilomita 30 kwa saa, lenye breki nzima na barabara ikiwa kavu, litakuwa limekwisha simama kabisa ndani ya mita hizo hizo 14. Yaani mtoto akitokea ghafla umbali huo, dereva wa kwanza atamgonga kwa mwendo wote aliokuwa nao, na wa pili atasimama mbele yake akiwa na moyo unaodunda na hasira za kumkaripia. Mtoto ni yule yule, na kosa lake ni lile lile.

Sheria ya trafiki ya Kenya inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo cha mwendo ndani ya miji. Kwa hiyo hata dereva mtiifu, ambaye hana kosa lolote mbele ya askari, anakwenda kwa kasi ambayo mtoto wa miaka minane huenda asiitambue. Mawaziri na wajumbe wa mataifa waliokutana Stockholm mwezi wa Februari mwaka 2020 walipendekeza kikomo kiwe kilomita 30 mahali ambapo magari na waendao kwa miguu huchanganyika. Njia ya kwenda madrasa ni mahali hapo hasa. Nchini mwetu watu zaidi ya 4,000 hupoteza maisha barabarani kila mwaka, na fungu kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko maradhi yoyote.

Atauliza msomaji: je, mji waweza kupunguza mwendo wake bila kufa njaa? Biashara itakwendaje?

Uko mji mdogo huko Uhispania, Pontevedra jina lake, wenye wakazi wapatao 83,000. Mwaka 1999 watu wake walimchagua meya ambaye kazi yake ilikuwa udaktari, Miguel Anxo Fernández Lores. Alianza na mji wa kale, uliokuwa umezibwa na magari hata mwenye mtoto wa kubeba au mzee wa mkongojo hakupata pa kupita. Magari yaliyokuwa yakipita tu kuelekea kwingine yalizuiwa. Maegesho yaliondolewa katikati, yakawekwa pembezoni mwa mji, ambako mtu huacha gari bila malipo na kumalizia safari kwa miguu. Njia ya magari na ya watu zikasawazishwa, ili dereva ajione kuwa mgeni aliyeingia baraza la wenyewe. Mwendo ukawekewa kikomo cha kilomita 30, na penginepo chini ya hapo.

Wenye maduka walipinga, kama ambavyo wenzao wa hapa wangepinga. Walihofu kwamba mteja asiyeegesha gari mlangoni hatanunua. Lakini aendaye kwa miguu husimama, hutazama, huamkiana na watu, na mkono wake humponyoka ukaingia mfukoni. Wauzaji wetu wa Marikiti wanalijua hilo kuliko sisi. Katika mitaa hiyo ya Pontevedra, kati ya mwaka 1996 na 2006, watu 30 walikufa kwa ajali za magari. Katika miaka 10 iliyofuata walikufa 3.

Mji mwingine mdogo, Hoboken, uko Marekani, ng'ambo ya mto kutoka New York. Huko walishughulikia jambo ambalo kwetu halihesabiwi kuwa kosa: gari lililoegeshwa kwenye pembe ya njia. Gari hilo humficha mtoto asionekane na dereva, na humficha dereva asionekane na mtoto, sawa na ile matatu tuliyoieleza hapo juu. Wakaziacha pembe wazi, na penginepo wakasimamisha vigingi ili asiegeshe mtu. Mji huo wa watu wapatao 60,000 ulipitisha miaka mingi tangu mwanzoni mwa 2017 bila kifo hata kimoja cha ajali ya gari mitaani mwake.

Na asiambiwe mtu kwamba hayo ni ya matajiri. Jirani zetu wa Dar es Salaam wameyafanya kwa saruji na rangi. Shirika liitwalo Amend lilizitazama shule ambazo watoto wake huumia zaidi, likaongeza matuta, vivuko, njia za miguu na alama, na penginepo likafungua geti jipya upande wenye magari machache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa majeruhi miongoni mwa wanafunzi yalipungua kwa asilimia 26. Geti kuhamishwa! Ni madrasa ngapi zetu ambazo mlango wake unamwaga watoto moja kwa moja barabarani, na nyuma yake iko kichochoro kilichotulia?

Tukifikiri vizuri, wazee wetu hawakuwa wageni wa elimu hii. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari. Njia za Mji wa Kale hapa Mombasa zina kona na baraza zinazomlazimisha mwenye gari aende taratibu, apende asipende. Watoto walicheza humo na vikongwe wakaketi vibarazani kwa sababu njia yenyewe ndiyo iliyokuwa askari. Kilichobadilika ni pikipiki, ambayo hupenya popote, na honi imekuwa badala ya breki.

Hapo hatuna budi kusema ukweli kuhusu nyumba zetu wenyewe. Waendesha bodaboda hawakutoka nchi ya mbali. Ni wana wetu, ndugu zetu na waume zetu. Ni sisi tunaompigia simu kijana tukimwambia “fanya haraka, nimechelewa.” Ni sisi tunaomlipa kwa mwezi awapeleke watoto watatu kwa safari moja, na sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, tena mwenye helmeti. Mwendeshaji akimkatalia mama huyo, tunamwona mkaidi na tunamwita mwingine.

Tena liko jambo la mavazi, ambalo wanawake wanalijua na wanaume hawalizungumzi. Pindo la buibui na ncha ya mtandio vikiingia katika spoku au mnyororo wa pikipiki, nguo humvuta abiria chini au kumkaba shingo kabla mwendeshaji hajajua kuna nini. Anayekaa upande huwa hatarini zaidi, maana nguo yote huning'inia upande mmoja na mwili hauna mizani. Kusanya pindo, likalie au ulifunge juu ya goti. Ncha za mtandio zitie ndani. Mwambie kijana asiondoke mpaka umemaliza. Hakuna haya katika hilo.

Usiku, nyeusi huumeza mwanga. Wanawake watokao Tarawehe katika mwezi wa Ramadhani hupita kwa makundi, na dereva huwaona wakiwa wamekwisha kuwa karibu mno. Hatusemi buibui libadilishwe, wala hatutaki mtu aitumie makala hii kusema hivyo. Mkoba mweupe, tochi ya simu iliyoelekezwa chini, au utepe unaorudisha mwanga ukishonwa kwenye mkoba wa mtoto, vyatosha kumfanya mtu aonekane mapema. Lakini taa ya barabarani iliyokufa haitengenezwi kwa tochi ya simu, na wenye dhamana ya taa wanajulikana.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho ni kazi ya serikali ya kaunti. Barabara kubwa ziko mikononi mwa mamlaka za serikali kuu, kama vile KeNHA na KURA. Hivyo jambo la kwanza ni kuuliza barabara iliyo mbele ya madrasa yenu ni ya nani, maana barua nyingi hupotea kwa kupelekwa afisi isiyohusika. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa wenye mamlaka, na sheria ya serikali za kaunti inampa haki hiyo mbele ya bunge la kaunti. Haki hiyo si ya wanaume peke yao wala ya wenye vyeo. Kamati ya kina mama wa madrasa yaweza kuandika.

Ombi zuri ni fupi. Litaje mahali, saa ambazo watoto huvuka, idadi yao kama ilivyohesabiwa kwa siku chache, na kitu kimoja au viwili vinavyotakiwa: matuta mawili, mistari ipakwe upya, steji isogezwe mbali na mlango, taa zirudishwe. Liambatanishwe na picha. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufikishwa bungeni kabla ya mwisho wa mwezi wa Aprili, na kabla ya hapo huwapo vikao vya kusikiliza wananchi. Katika vikao hivyo aliye na karatasi mkononi husikilizwa kuliko mwenye sauti kubwa.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Sote tulihifadhi hadithi hiyo utotoni, na tulionyeshwa mfano wa mwiba na jiwe. Imamu atakayeisoma Ijumaa mbele ya madereva, akataja kilomita 30 kwa jina lake, atakuwa ameifikisha mahali pake.

Tunawaomba wasomaji watuandikie jina la njia ambayo watoto wao huvuka kwenda madrasa, saa za kuvuka, na kinachokosekana hapo. Tutayakusanya mtaa kwa mtaa na kuyachapisha katika matoleo yajayo, pamoja na mfano wa barua ya maombi ambao kamati yoyote yaweza kuunakili.