Chole, Kisiwa Kilicho Mbele ya Mto Wetu

Kila ifikapo Januari, baridi ya Uingereza inapokuwa imekwisha kuingia mifupani na ratiba ya likizo inapopangwa makazini, wengi miongoni mwetu tuliozaliwa Wanging'ombe, Njombe na Makambako huanza kuulizana bei za ndege za kwenda visiwa vya Ugiriki, wakitafuta kile kidogo ambacho watu hawajakigundua, chenye nyumba nyeupe, mkahawa mmoja kando ya maji na ufuo usio na zogo. Siwalaumu, maana nami nimekwisha kukaa juma zima katika kisiwa cha namna hiyo na nilirudi kazini nikiwa mtu mpya. Walakini visiwa vile havidumu katika utulivu wao, na Santorini, ambayo zamani ilikuwa maskani ya mabaharia na wakulima wa zabibu, imefika mahali pa kuwekewa kikomo cha abiria 8,000 wa meli za matembezi kwa siku moja. Nia yangu katika makala haya ni kuwaeleza ndugu zangu habari za kisiwa kingine, ambacho kwa safari ya maji kina ujirani na vijiji vyetu kuliko tulivyozoea kufikiri.

Kisiwa hicho ni Chole, kilicho katika ghuba baina ya Juani na kisiwa kikubwa cha Mafia. Ni kidogo hata mtu akianza kukizunguka kwa miguu baada ya chai ya asubuhi huwa amerejea kabla ya adhuhuri, na barabara ya magari hakina. Na ajabu ni kwamba mtu wa kwanza kuandika habari za pwani hii, kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, aliandika kwa Kiyunani: baharia mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitaja katika kitabu cha Periplus kisiwa kiitwacho Menuthias, tambarare na chenye miti mingi, ambacho wenyeji wake walivua samaki na kasa kwa mitumbwi na kwa mashua zilizoshonwa kwa kamba. Wanazuoni wamebishana muda mrefu kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia, na ubishi huo haujakwisha. Lakini Mgiriki yeyote anayesifia visiwa vya kwao na ajue kwamba vya kwetu vilikuwamo vitabuni mwao zamani sana.

Ama ujirani nilioutaja, huo ni wa mto. Vijito vitokavyo katika milima ya Kipengere, ambayo sehemu yake imo katika pori la akiba la Mpanga Kipengere, huteremka mpaka tambarare za Usangu, vikakusanyika katika Ruaha Mkuu, vikapita Mtera na Kidatu, vikaingia Rufiji na bwawa la Julius Nyerere, na mwisho vikamwagika baharini kwa midomo mingi katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki; na mbele ya midomo hiyo ndipo kilipo kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo maji tuliyoogelea utotoni yalikwisha kututangulia.

Desemba iliyopita niliyafuata, nami nikamchukua mama yangu, ambaye katika umri wa miaka 74 hakuwa amewahi kuiona bahari. Tulipanda basi Makambako, tukalala Dar es Salaam, na alfajiri tukashika njia ya Mbagala na Kibiti hadi Nyamisati, ambako abiria wa Mafia hupandia chombo na ambako saa ya kuondoka huamriwa na maji kujaa na kupwa, si na saa ya mkononi. Mwenye haraka aweza kuruka kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, safari isiyofika saa moja. Lakini atakosa kuiona mikoko, na kwa maoni yangu hiyo ni hasara kubwa. Kutoka Kilindoni tulivuka kisiwa hadi Utende, tukapanda mashua, tukashuka Chole huku mama ameshika viatu mkononi na maji yanamfika magotini. Alichota kidogo kwa kiganja, akaonja, akatema, akanyamaza kitambo kirefu.

Nilidhani atapenda kukaa kivulini akitazama bahari, kama nilivyokuwa nimejipangia mwenyewe. Badala yake siku ya pili alikuta mafundi wakiunda mashua chini ya miembe, kazi ambayo Chole inasifika kwayo tangu zamani, na hapo ndipo alipomaliza likizo yake. Mashua ilikuwa juu ya magogo, mataruma yake yangali wazi upande mmoja kama mbavu za ng'ombe, na upande wa pili fundi kijana alikuwa akikalafati, yaani akishindilia nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta katika nafasi za mbao, akigonga kwa mapigo madogo yaliyolingana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mbao hizi mmezikausha muda gani?"

Mtu wa Njombe hawezi kuona ubao asiulize, kwa kuwa nusu ya malori yashukayo kutoka kwetu yamebeba mbao za misindano. Fundi akamjibu kwamba hawazikaushi mno, kwani ubao mkavu haukubali kupinda. Mama akamwambia kwamba kwetu ubao mbichi hupasuka. Naye akacheka akasema ndiyo sababu ya pamba, na kwamba mashua ikishaingia majini mbao huvimba zikabanana zenyewe. Mazungumzo hayo yaliendelea siku tatu. Mimi nilikuwa kando yao juu ya mkeka, simu imezimwa, na sijapata kupumzika vile katika miaka 11 ya kuishi ughaibuni.

Jioni popo wakubwa wa matunda, ambao ukoo wao ni wa Komoro na si wa bara, huamka mitini kwa mamia wakaruka ng'ambo kutafuta chakula. Yako pia magofu ya majengo ya Wadachi, waliofanya Chole makao yao baada ya kumlipa Sultani wa Zanzibar marka milioni 4 mwaka 1890 kwa ajili ya pwani pamoja na Mafia, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta hata huwezi kujua kipi kinakishikilia kingine.

Atakaye kwenda na achague majira. Masika, tangu Machi hadi Mei, mvua ni nyingi. Kusi ikivuma katikati ya mwaka kivuko huwa na mawimbi. Demani, kusi inapokwisha, bahari hutulia. Na Desemba, wakati wengi wetu turudipo nyumbani, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani naye hana madhara kwa mtu. Eneo hili ni hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ukubwa wa kilomita za mraba 822, na kiingilio chake kwa mwenye pasipoti ya kigeni ni kikubwa kuliko cha raia. Chukua fedha taslimu, kwani Chole hakuna benki. Wenyeji ni Waislamu wenye staha: funika mabega na magoti upitapo kijijini, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Wakati wa kurudi, tulipokaribia bara, rangi ya bahari ilibadilika ghafla, buluu ikakatwa na mstari wa maji ya udongo. Mama akamwuliza baharia ile ni nini.

"Rufiji hiyo, bibi. Maji ya bara."

Akasogea ubavuni mwa chombo, akainama, akayatazama mpaka tulipoingia kwenye mikoko.