Usawa wa Kijinsia katika Mipango ya Tabianchi: Funzo la Mwani Zanzibar

Mabadiliko ya tabianchi, yaani mabadiliko ya muda mrefu ya hali ya hewa, hayawaathiri wanawake na wanaume kwa namna moja, kwa kuwa kazi zao na rasilimali walizonazo hazilingani. Zanzibar, ambako wakulima wengi wa mwani ni wanawake, ongezeko la joto la bahari limedhoofisha mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, unaofungwa kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti pwani, maji yanapokupwa.

Wataalamu hushauri mashamba yahamishiwe kwenye kina kirefu, lakini huko kunahitajika chombo cha baharini na ujuzi wa kuogelea, ambavyo wanawake wengi hawana. Hivyo, mpango wa shehia, ambayo ni ngazi ya chini ya utawala visiwani, usiotenga fedha za vyombo na mafunzo ya kuogelea, huwanufaisha zaidi wanaume.

Kujumuisha jinsia si kuhesabu wanawake waliohudhuria mkutano, bali ni kupanga vikao kwa kufuata maji kupwa na kujaa, kuuliza nani anafanya kazi gani, na kuyatengea majibu hayo fungu katika bajeti. Wapangaji mipango wa mitaa hawana budi kuanzia hapo.