Mukiliya Hajahama, Amerefusha Siku: Namna ya Kuchunga Saloni Wakati wa Konjonktiri



Ukipita Katindo, Himbi, Majengo ao Ndosho hapa Goma, ni vigumu kumaliza avenue nzima bila kukuta saloni. Na ndani hakukosi dada mwenye diploma ya ekonomi ao kaka mwenye lisansi ya sheria, anashika kitana juu kazi ya ofisi haikutokea. Hiyo si haya. Artikle 15 inatuhusu sisi wote. Lakini mtaji wa saloni mara nyingi umetoka kwa mama, kwa likelemba, ao kwa kipande cha shamba kilichouzwa kijijini. Saloni ikianguka, haianguki peke yake: inaanguka na minerval ya mdogo wako.

Na konjonktiri iko. Mwisho wa Januari 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwaka huohuo Marekani ilikata misaada yake, mashirika yakarudisha watu nyumbani. Na watu wa mashirika walikuwa kati ya wakiliya wazuri, wale walioketi kwenye kiti bila kuuliza bei mara mbili. Noti za franga zimekuwa adimu, na zingine zimechakaa mpaka muuzaji wa meshi anazikataa. Katika hali kama hii, namna gani kupata wakiliya, na zaidi, namna gani kuwachunga?

Elewa ugonjwa mbele ya kutafuta dawa

Saloni ikikaa siku mbili tupu, mwenyewe anasema haraka: "Ule jirani ananibebea bakiliya." Mara ingine ni kweli. Lakini pesa ikikosekana kwa kila mutu, kinachotokea sana ni kingine: mukiliya hajahama, amerefusha siku. Yule aliyekuwa anakuja kila wiki tatu, sasa anakuja kisha wiki sita. Katikati anafunga kitambaa, ao anavaa bone.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, wewe weka zako. Una wakiliya 40 wa kudumu, kichwa kimoja ni franga 10.000. Wakija kila wiki tatu, katika wiki 12 unapata vichwa 160. Wakija kila wiki sita, unapata vichwa 80. Hakuna hata mmoja aliyekuacha, wote bado wanakusalimia barabarani, lakini nusu ya kazi yako imepotea. Kwa hiyo adui wa kwanza si saloni ya jirani. Adui ni zile siku kati ya mara moja na mara ingine.

Ndiyo maana daftari ni chombo cha kazi sawa na kitana. Andika jina, tarehe aliyokuja, alichosukwa, alicholipa. Kila Jumatatu angalia nani amepita wiki nne bila kuonekana, umwandikie kwenye WhatsApp kwa upole: "Dada, nywele inaendelea aje? Ukihitaji kuosha, Jumatano asubuhi kuko nafasi." Usimuulize mbona umepotea. Anajua mbona. Ni pesa, na hataki kuisema.

Kupunguza bei: hesabu isiyodanganya

Wengi wanakimbilia kupunguza bei. Turudi kwenye mfano wetu. Katika zile franga 10.000, tuseme 4.000 zinaenda kwa msukaji, mafuta, shampuu na umeme. Zinabaki 6.000 za kulipa nyumba na kukulisha. Kwa vichwa 80 ni 480.000. Sasa unashusha bei mpaka 8.000. Gharama zile zinabaki 4.000, na wewe unabaki na 4.000. Ili upate tena 480.000 unahitaji vichwa 120. Maana yake: umepunguza bei kwa 20%, na kazi yenyewe inakuomba vichwa 50% zaidi. Hivyo vichwa 40 vya nyongeza utavitoa wapi, wakati jirani naye ameshusha bei siku ileile?

Kuko na hatari ingine. Bei ya chini ni rahisi kuitangaza, ni vigumu kuipandisha tena. Siku hali itakuwa nzuri, mukiliya atakuambia: "Mbona ulikuwa unanifanyia 8.000?" Na atakuwa na haki.

Pima saa, usipime kichwa tu

Saloni inauza nini kweli? Inauza saa za mkono wa msukaji. Rasta ndogondogo zinaweza kuchukua saa sita kwa msukaji mmoja. Ukilipwa 15.000, ni franga 2.500 kwa saa. Rasta kubwa zinachukua saa mbili. Ukilipwa 7.000, ni 3.500 kwa saa. Mukiliya amelipa chini ya nusu, na saa yako imelipwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo mama akikuambia "unipunguziye kidogo, siku hizi franga haiko", usipunguze bei ya kazi ileile. Mupe kazi ingine inayolingana na pesa yake. Mwonyeshe picha tatu: ya 15.000, ya 10.000, ya 7.000. Mwambie ukweli pia kwamba rasta kubwa hazikai sana kama ndogo, zitaomba arudi mapema. Achague mwenyewe. Mutu aliyechagua anatoka na heshima. Mutu aliyeomba huruma anatoka na haya, na haya haimrudishi mutu.

Weka kazi ya katikati

Mutu akikosa pesa haachi kupenda kupendeza. Leonard Lauder, aliyeongoza kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder, alisema kwamba rangi ya midomo iliuzwa zaidi wakati uchumi wa Marekani uliyumba mwaka 2001. Wachumi wamebishana sana juu ya jambo hilo, na namba za nyakati zingine hazikumpa haki kila mara. Lakini wazo linafaa kuwekwa akilini: anayeshindwa kitu kikubwa anatafuta kidogo kinachomfanya ajisikie mutu. Swali ni moja: saloni yako iko na hicho kidogo?

Kidogo hicho kinaweza kuwa kuosha kichwa chenye misuko na kupaka mafuta, kurudilia mistari ya mbele tu, kufumua bila kukata nywele, ao kusuka mistari ya kawaida bila meshi. Tuseme ni franga 3.000, na gharama 1.000. Kama nusu ya wakiliya wako, yaani 20, wanapita mara moja katikati ya kila wiki sita, katika wiki 12 ni mara 40, faida 80.000. Ongeza kwenye zile 480.000, unafika 560.000. Yule aliyeshusha bei na kubaki na vichwa vilevile 80 yuko na 320.000. Tofauti ni 240.000, na haukugusa bei hata moja.

Na kuko na faida isiyoandikwa kwenye daftari: mukiliya anayepita katikati hasahau njia ya kwako.

Mukiliya anafuata mkono, si mlango

Hapa ndipo saloni nyingi zinakufia. Wasukaji wengi wanalipwa kwa kichwa, nusu ao sehemu fulani. Ukishusha bei, na sehemu yao inashuka, hata kama haukuwauliza. Ataanza kusuka nyumbani kwake Jumapili, kisha Jumamosi, kisha siku moja hatakuja tena. Na wakiliya wake watamfuata, juu walikuwa wanakuja kwa ajili ya vidole vyake, si kwa ajili ya kioo chako.

Kwa hiyo kuchunga wakiliya kunaanza na kuchunga msukaji. Mwonyeshe hesabu wazi. Mulipe siku ileile, hata kama ni kidogo. Kazi ya katikati mugawanye naye vizuri. Mukishauriana juu ya bei, naye awe mezani. Wewe una diploma, yeye ana mkono na masikio: ndiye anasikia mama akisema mumewe amesimamishwa kazi, ao kwamba harusi ya binamu ni mwezi ujao. Hiyo ndiyo etude ya soko, na hailipiwi.

Deni linafukuza, likelemba inarudisha

"Nisuke, nitakulipa mwisho wa mwezi." Kama mwisho wa mwezi mshahara haukuingia, nini kinafuata? Mukiliya anaanza kupita avenue ingine ili usimwone. Umepoteza franga 10.000, na umepoteza kichwa. Deni kwa wakati wa shida si kumsaidia mutu, mara nyingi ni kumfukuza polepole.

Geuza mambo: alipe kidogokidogo mbele. Sisi wote tunajua likelemba. Kusanya wamama ao wadada watano wanaojuana. Kila mmoja atoe franga 2.000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anasukwa kwa zile 10.000. Kisha wiki tano wote wamesukwa, munaanza tena. Angalia kilichotokea: aliyekuwa amefika wiki sita amerudi kwenye wiki tano, tarehe inajulikana, na wewe una kichwa kimoja cha hakika kila wiki kwa kila kikundi.

Masharti ni mawili. La kwanza, wote waone kwenye daftari nani ametoa, nani bado. La pili, pesa iliyotolewa mbele ya kazi si yako mpaka kazi ifanyike. Ukiila, haujapoteza 10.000, umepoteza wamama watano na wote wanaosali nao.

Na kuhusu pesa yenyewe: ichunge katika aina utakayolipia. Mwaka 2025 dola iliyokuwa inavunjwa kwa zaidi ya franga 2.800 ilishuka chini ya 2.500 katika miezi michache. Kama nyumba unalipa kwa dola, weka dola. Kama chakula na usafiri ni franga, usikimbie kuvunja. Bei ya ukutani iandike katika franga, na uiangalie kila mara unaponunua meshi ao bidhaa kwa dola.

Vitu visivyo na bei kubwa

Usafi kwanza. Goma inakumbuka Ebola ya 2018 mpaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini, ndoo za maji kila mlango. Agosti 2024 OMS ilitangaza mpox kuwa hatari ya afya ya kimataifa, Congo ikiwa katikati ya ugonjwa, na mpox inapita kwa kugusana ngozi. Vitana vilivyooshwa, taulo safi kwa kila mutu, wembe mpya, mashine ya kunyolea iliyopanguswa na dawa mbele ya macho ya mukiliya: hivi havihitaji mtaji mpya, lakini anayeviona anarudi.

Kisha, usivute. Misuko inayokaza sana inang'oa nywele za mbele, na ikirudiliwa miaka na miaka zingine hazioti tena. Mama akiuma meno kwenye kiti, punguza. Mutu anaweza kusahau ulimpendezesha, lakini hasahau usiku alioshindwa kulala juu ya kichwa.

Na wapya? Wanatoka kwanza kwa wale ulio nao. Picha ya kazi iliyomalizika, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwenye statut ya WhatsApp, na bei ikiwa imeandikwa, inafanya kazi kuliko maneno mengi. Fuata pia kalenda: tarehe 8 Machi, kolasio za univerisite, rentree ya Septemba ambapo watoto wanahitaji misuko ya shule, sikukuu za mwisho wa mwaka. Tangaza wiki mbili mbele, wakati mutu bado anapanga pesa yake, si siku ya mwisho pesa ikiwa imeishia sokoni.

Jipe wiki 12

Tuseme ukweli. Kama avenue yako imebaki bila watu, hakuna daftari litakaloleta watu walioondoka. Fanya haya kwa wiki 12, ukiandika kila kitu. Kisha weka faida upande mmoja, nyumba na chakula upande mwingine. Kama inatosha, endelea. Kama haitoshi, ongea na mwenye nyumba, ao ingia pamoja na fundi wa kushona mugawanye nyumba moja, ao usuke nyumbani kwa muda. Kupunguza saloni wakati mtaji bado uko mkononi si kushindwa. Kushindwa ni kuila mpaka viti, ukingoja hali ibadilike.

Diploma ilitufundisha kuhesabu. Leo usiku chukua daftari, andika majina ya wakiliya wako wote, na mbele ya kila jina tarehe ya mwisho uliyomwona. Utakuta wengi wao bado ni wako. Wanangoja tu sababu ya kurudi inayolingana na mfuko wao.